Kabla hujalipia RAM mtandaoni: kwa tulio ughaibuni

Mpwa wangu anasoma Morogoro. Jioni moja alinitumia ujumbe: "Shikamoo mjomba. Kompyuta inaganda nikifungua vitu viwili tu. Fundi amesema niongeze RAM." RAM ni ile memori ambayo kompyuta huifanyia kazi ikiwa imewashwa. Nikamuuliza kompyuta gani, akajibu HP EliteBook 840. Usiku ule ule, nikiwa huku Dortmund, niliagiza GB 16 za DDR4, mojawapo ya vizazi vya RAM, zilizokuwa zimeshushwa bei, na zilipofika nikampa dada mmoja aliyekuwa anakwenda Tanzania. Zilimfikia kijana baada ya wiki tano. Fundi akafungua kompyuta, akajaribu kuzipachika, zikakataa kuingia. Ya mpwa wangu ilikuwa 840 G2, ambayo hutumia DDR3L; DDR4 ilianza kwenye G3. Mimi sikuuliza ile G. Na siku za kurudisha mzigo dukani zilikuwa zimeisha zamani.

Punguzo nililolifurahia usiku ule likawa hasara tupu. Ndiyo maana nakuomba, wewe uliye Leicester, Minneapolis, Toronto au Muscat, unayeombwa RAM na watu wa nyumbani au unayeitaka kwa kompyuta yako mwenyewe: usifungue tovuti ya duka lolote kabla hujajua kilichomo ndani ya mashine.

Omba picha ya kibandiko

Hakuna njia ya uhakika kuliko picha. Mwenye kompyuta afungue kifuniko cha chini, au ampelekee fundi, kisha apige picha RAM iliyomo pamoja na nafasi ya pili kama iko wazi. Kwenye RAM kuna kibandiko chenye maandishi kama "8GB 1Rx8 PC4-2666V". Hiyo PC4 ndiyo DDR4. PC3L ni DDR3L, na PC5 ni DDR5. Herufi L usiipuuze: DDR3L hufanya kazi kwa volti 1.35, DDR3 ya kawaida inataka 1.5, na laptopu nyingi za miaka ya 2013 hadi 2015 haziwaki ukiziwekea ile ya kawaida, ingawa inaingia vizuri kwenye nafasi yake. Vizazi vyenyewe, yaani DDR3, DDR4 na DDR5, haviingiliani kabisa. Kipengo kwenye ukingo wa RAM kimewekwa mahali tofauti kwa kila kizazi, kwa hiyo ikigoma kuingia fundi asilazimishe.

Namba inayofuata ni kasi, na hapa wengi huchanganyikiwa. Tangazo moja linasema DDR4-2666, lingine PC4-21300, nacho ni kitu kilekile. Zidisha 2666 kwa 8 utapata 21328, ambayo hufupishwa kuwa 21300. Vivyo hivyo 3200 huandikwa 25600. Ukinunua yenye kasi kubwa kuliko mashine inavyomudu, kwa kawaida itashuka yenyewe iifuate mashine, kwa hiyo ukiikuta ya 3200 ni rahisi kuliko ya 2666, chukua ya 3200 bila wasiwasi.

Kama kompyuta iko mbele yako na hutaki kuifungua, katika Windows bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda Performance kisha Memory. Huku Ujerumani utakuta imeandikwa Leistung na Arbeitsspeicher. Chini yake utasoma nafasi ngapi zimetumika, kasi ni ipi, na umbo ni lipi. SODIMM ni ile fupi ya laptopu, DIMM ni ndefu ya kompyuta ya mezani. Ukikuta "Row of chips", mara nyingi maana yake memori imechomewa kwenye motabodi na hakuna cha kuongeza. Hali ni hiyo kwa MacBook zote zenye chipu za Apple, zilizoanza kutoka 2020, na kwa ThinkPad X1 Carbon na X280. Hapo hata RAM ya bure haitakusaidia.

Laptopu nyingi zinazouzwa Kariakoo, au kule Nairobi katika maduka ya Moi Avenue na Luthuli zikiitwa "ex-UK", zimetoka maofisini Ulaya: EliteBook, Latitude, ThinkPad. Uzuri wake ni kwamba nyingi bado zina nafasi za kuongezea. ThinkPad T480 ina nafasi mbili za DDR4. T480s, ambayo kwa jina ni kama pacha wake, ina memori iliyochomewa na nafasi moja tu. Ndiyo sababu nasisitiza picha: mtu wa nyumbani atakuambia "ni T480" kwa nia safi kabisa, na ile s ndogo imefutika.

Soko lilivyo sasa

Zamani tulikuwa tunaambiana tusubiri, RAM itashuka. Ushauri huo siutoi tena. Kuanzia miezi ya mwisho ya 2025 bei zilipanda kwa kasi ambayo wengi wetu hatukuwahi kuiona. Chipu za memori duniani hutengenezwa hasa na kampuni tatu: Samsung na SK Hynix za Korea Kusini, na Micron ya Marekani. Seva za akili mnemba zinakula memori nyingi mno na zinalipa vizuri, basi viwanda vimegeukia huko. Desemba 2025 Micron ilitangaza kuwa inaachana na Crucial, jina ambalo tulilizoea kwa sababu tovuti yake ilikuwa inakuonyesha RAM inayofaa mashine yako.

Katika soko kama hili kosa kubwa ni kununua GB usizozihitaji. Kwa mwanafunzi anayeandika, anayesoma mtandaoni na kuingia vipindi vya Zoom, GB 8 zinatosha kwa kubanana na 16 zinatosha kwa raha. Aliye na 4 ndiye wa kusaidiwa kwanza. Kutoka 16 kwenda 32 kwa sababu tu umeona tangazo zuri, hiyo pesa ina kazi nyingine.

Pa kutazama bei

Ujerumani na Austria mimi huanzia Geizhals, tovuti ya kulinganisha bei za maduka, kwa sababu unaweza kuchuja kwa aina, ukubwa, kasi na umbo, na kila bidhaa ina mchoro wa bei ya miezi iliyopita. Idealo nayo ni nzuri. Uholanzi kuna Pricewatch ya Tweakers, Sweden kuna Prisjakt, na Uingereza ni walewale wakiitwa PriceSpy. Marekani na Kanada watu wengi hutumia PCPartPicker. Kwa Amazon peke yake kuna Keepa na CamelCamelCamel, zinazokuonyesha kama "punguzo" la leo ndiyo ilikuwa bei ya kawaida ya mwezi uliopita. Tafuta pia kwa lugha ya nchi uliyopo. Anayetafuta "RAM" tu Ujerumani anakosa matangazo ya mzee aliyeandika Arbeitsspeicher, na Mholanzi huandika werkgeheugen. Matangazo kama hayo huwa na washindani wachache.

Ukishapata bei tatu nne, jumlisha nauli ya usafirishaji kisha gawanya kwa idadi ya GB. Fanya hivyo kila mara. RAM mbili za GB 8 na moja ya GB 16 zinaweza kuachana sana kwa bei, na mbili zina faida ya ziada kwa sababu mashine huzisoma kwa njia mbili sambamba. Kama laptopu ina nafasi mbili lakini unataka kuja kuongeza baadaye, hapo moja ya 16 ni busara. Kwa Marekani kumbuka bei unayoiona haina kodi ya mauzo. Huongezwa mwishoni kulingana na jimbo, isipokuwa majimbo machache kama Oregon na Delaware. Ulaya kodi imo tayari.

Katika nchi za Umoja wa Ulaya, tangu Mei 2022, duka linalotangaza kwamba limeshusha bei lazima lionyeshe bei ya chini kabisa ya siku 30 zilizopita. Yatafute hayo maandishi madogo. Lakini duka likilinganisha na bei iliyopendekezwa na mtengenezaji, ile ya UVP, sheria hiyo haikusaidii, na ndipo unapoona "asilimia 40" ambazo hazikuwahi kuwepo.

Sasa mitego. Ukikuta RAM ya kompyuta ya mezani yenye GB nyingi kwa bei ya chini sana, soma kama imeandikwa Registered au RDIMM. Hiyo imetolewa kwenye seva, ni nzima na ni halali, ila kompyuta ya kawaida haiwaki nayo. Nyingine huandikwa kwa maandishi ya chini kwamba ni kwa ajili ya mashine zenye prosesa ya AMD tu. Ukiiweka kwenye mashine yenye prosesa ya Intel, umepoteza. Kwenye Amazon na soko lolote linalokaribisha wauzaji wengine, tazama nani anauza na nani anatuma. Jina la tovuti juu ya ukurasa si jina la muuzaji. Na kwa walioko Marekani wanaopenda kuagiza China: ule msamaha wa ushuru kwa mizigo isiyozidi dola 800 ulikwisha kwa mizigo ya China tarehe 2 Mei 2025, kwa hiyo hesabu ushuru kabla hujashangilia bei.

Zilizotumika

Kwa DDR3L na DDR4 mimi sasa nanunua zilizotumika, na sioni aibu kuzituma nyumbani. RAM haina kitu kinachozunguka wala kinacholika; ikifanya kazi leo kuna uwezekano mkubwa itaendelea kufanya kazi. Ofisi zikibadilisha laptopu, RAM zake huishia eBay kwa mafungu, zikiwa za Samsung au Hynix zilezile zilizotoka na mashine. Ujerumani kuna Kleinanzeigen, tovuti ya matangazo ya watu binafsi, Uingereza kuna maduka ya CeX ambao hutoa waranti kwa kitu kilichotumika, na Amazon ina sehemu ya bidhaa zilizorudishwa, ambayo Ujerumani inaitwa Retourenkauf.

Kwa mtu binafsi nenda mwenyewe kama ni karibu, uone mashine ikiwaka nayo. Kama utatumiwa kwa posta, usilipe kwa PayPal ya "marafiki na familia" hata muuzaji akuambie anaokoa makato. Njia hiyo haina ulinzi wa mnunuzi. Muuzaji mkweli atakubali njia ya kawaida, na ile euro moja ya ziada mlipie wewe.

Siku 14, na msafiri wako

Ukinunua mtandaoni kutoka duka la Umoja wa Ulaya au Uingereza, una siku 14 tangu mzigo ukufikie kubatilisha ununuzi bila kutoa sababu. Uingereza, ukilipa kwa kadi ya mkopo kitu cha zaidi ya pauni 100, benki nayo inawajibika pamoja na muuzaji. Marekani hakuna sheria ya taifa zima inayokupa haki ya kurudisha kwa sababu umebadili nia; kila duka lina masharti yake, na mengine hukata sehemu ya pesa. Soma kabla, hasa kwa RAM ambayo kifungashio chake kimefunguliwa.

Siku hizo 14 ndizo zilizonishinda mimi, kwa hiyo sasa nahesabu kwa kurudi nyuma kutoka tarehe ya safari. Picha kwanza, kisha kuagiza, kisha kujaribu, na RAM iwe mkononi mwangu siku kama kumi kabla msafiri hajafunga begi. Kujaribu maana yake kuipachika kwenye mashine yoyote ya aina ileile na kuiacha MemTest86, programu ya kupima RAM, izunguke usiku kucha kutoka kwenye flashi. Kosa hata moja likionekana, inarudi dukani. Kama huna mashine ya kujaribia, ulizia kwa Watanzania na Wakenya wa mjini kwako. Karibu kila mji una mmoja mwenye ThinkPad ya zamani.

Msafiri mpe ikiwa ndani ya mfuko wake wa kuzuia umeme tuli, ndani ya kijikasha kigumu, pamoja na risiti. Ni kitu chepesi kuliko bahasha yenye picha, lakini mwenye begi ana haki ya kujua amebeba nini na thamani yake, kwa hiyo mwambie wazi. Hiyo risiti ipige picha kwanza ubaki nayo, maana madai ya waranti utayafanya wewe huku.

Mpwa wangu mwishowe nilimpatia mbili za GB 8 za DDR3L, zilizotumika, kutoka kwa muuzaji wa eBay mwenye fungu zima la mashine za ofisi. Kabla fundi hajagusa kitu nilimpigia simu tukaelewana: zima kabisa, chomoa chaja, chomoa betri ya ndani. (Kama yako ni ThinkPad, betri hiyo huzimwa kwanza kupitia BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine, kwenye Config kisha Power.) Shika chuma kidogo ili umeme tuli ukutoke. Ingiza RAM ikiwa imelala mshazari, isukume mpaka meno yake ya dhahabu yazame karibu yote, ndipo uilaze chini mpaka vibanio vya pembeni vilie. Ukiwasha mara ya kwanza skrini inaweza kubaki nyeusi kwa muda wakati mashine inaitambua RAM mpya, na kwa DDR5 muda huo unaweza kuwa dakika kadhaa. Usiizime. Iache mpaka iwake yenyewe.