Kuiokoa Okidi Iliyodhoofika Katika Hali ya Hewa ya Mombasa

Okidi ambayo majani yake yamelegea na kukunjamana si lazima iwe na kiu. Dalili hiyo hiyo hutokea mizizi ikiwa imeoza, kwa kuwa mzizi uliooza hauwezi kupeleka maji juu hata chungu kikiwa kimelowa chepechepe. Hapa Mombasa, ambapo hewa hubeba unyevu karibu mwaka mzima, mizizi kuoza ndiyo sababu ya kushukiwa kwanza, na kuuongezea maji mmea wa namna hiyo ni kuumaliza kabisa.

Aina inayouzwa zaidi madukani ni Phalaenopsis, ambayo kwao, katika misitu ya Asia ya Kusini-Mashariki, hujishikiza kwenye miti huku mizizi yake ikipigwa na hewa. Ndivyo inavyoishi pia Ansellia africana, okidi ya pwani yetu wenyewe yenye maua ya manjano na madoa ya kahawia. Mimea hii ikitiwa udongo wa bustani hukosa pumzi.

Utoe mmea chunguni, uondoe kila kilichoizunguka mizizi, kisha uisuuze taratibu. Mzizi mzima ni mgumu ukibonyezwa. Ukikauka huwa na rangi ya fedha, na ukilowa hugeuka kijani. Uliooza ni wa kahawia, hubonyea, na ganda lake huchomoka likaacha uzi mwembamba katikati. Kata yote iliyooza kwa mkasi uliopanguswa kwa spiriti, na upake unga wa mdalasini kwenye vidonda pekee, kwa sababu unga huo hukausha hata mizizi mizima. Kikonyo cha maua nacho kikatwe. Najua inauma, lakini mmea uliopoteza mizizi hauna nguvu za kulisha maua. Uache kivulini kwa siku moja, vidonda vikauke.

Chungu kiwe kidogo, cha kutosha mizizi iliyobaki tu, na kiwe na matundu ya kutosha chini. Badala ya udongo, tumia vipande vya makaa ambayo hayajawashwa pamoja na makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa, vitu ambavyo mtu wa Mombasa havimpigi chenga. Makumbi, hata hivyo, huwa na chumvi, kwa hiyo yaloweke kwa siku kadhaa huku ukibadilisha maji kila siku. Hatua hii isirukwe.

Chumvi ndiyo adui wa pili. Maji ya visima vingi vya mjini huwa na chumvi ambayo hujikusanya chunguni na kuunguza ncha za mizizi. Yaliyo bora ni maji ya mvua: yakinge wakati wa masika na uyahifadhi katika pipa lenye kifuniko, mbu wasizaliane humo. Mwagilia asubuhi, maji yote yapite chini, kisha usirudie mpaka mizizi iwe imerudia rangi yake ya fedha. Wakati wa kaskazi, jua linapokuwa kali, hali hiyo hufika upesi; wakati wa masika hukawia sana. Maji yakituama katikati ya majani, yafyonze kwa pamba, maana moyo wa mmea ukioza ni nadra sana upone.

Weka chungu barazani au dirishani upande wa mashariki, kipate jua la asubuhi tu, mbali na upepo wa moja kwa moja wa feni.

Mbolea isitiwe mpaka zionekane ncha mpya za mizizi, jambo ambalo huenda likachukua miezi, na hata hapo iwe hafifu, nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Kuhusu maua, Phalaenopsis huhitaji wiki kadhaa za baridi ya kadiri, hasa usiku, ndipo itoe kikonyo. Kwetu nafasi hiyo huja na kusi, kati ya Juni na Agosti, kwa hiyo okidi iliyokwisha kupata mizizi na majani mapya ikae wakati huo karibu na dirisha lililoachwa wazi usiku.