SOMO: Kutazama ndege za jeshi zikiingia Dar (soma lote kabla hujauliza)

Wakuu, kila ikikaribia 9 Desemba, au ikivuma kwamba rais wa taifa kubwa anakuja, naulizwa yaleyale: nikae wapi, zinapita saa ngapi. Naandika mara moja tu.

1. Hakikisha shughuli iko Dar. Sherehe za Uhuru 2017 zilikuwa Dodoma, 2019 Mwanza, na 2015 hazikufanyika, tulishika mifagio.

2. Darubini ndogo, kofia, maji.

3. Kamera iache nyumbani. Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970 haina utani na maeneo yanayolindwa. Kaa kijiweni penye watu, mbali na uzio, utumie macho.

4. Upepo. Hapa ndipo nilipoumbuka. Ranwei (njia ya kurukia na kutua) kubwa ya JNIA, uwanja wa ndege wa Julius Nyerere, upande mmoja inaitwa 05, wa pili 23. Ni nyuzi za dira, 050 na 230, zikiwa zimekatwa tarakimu ya mwisho. Ndege hutua ikiukabili upepo. Upepo ukitoka kaskazini mashariki, inatua 05, maana yake inakuja kutokea Kipunguni. Ukitoka kusini magharibi, inatua 23, inakuja juu ya Vingunguti na Kiwalani. Sasa, Obama alipokuja Julai 2013, nilitaka kuziona C-17, ndege kubwa za jeshi la Marekani zilizotangulia na mizigo. Nikafungua taarifa ya hewa ya uwanja (msimbo HTDA), nikakuta 21008KT. Mimi nikaelewa upepo UNAKWENDA nyuzi 210. Nikapanda boda hadi Kipunguni. Saa nne nzima juani! Nilichoambulia ni ngurumo na ncha ya mkia juu ya miti, tena mkia wenyewe una karibu mita 17. Wenzangu Kiwalani walihesabu hadi matairi.

Kwa hiyo: namba tatu za kwanza ni upepo UNAKOTOKA. Mbili zinazofuata ni kasi kwa noti (KT, yaani maili za baharini kwa saa). Ukikuta VRB, upepo haujatulia, usitoe nauli kwanza. Saa zenye Z ni za kimataifa (UTC), ongeza tatu: 0600Z ni saa tatu asubuhi kwetu. Na usome tena kabla ya kutoka, maana upepo wa baharini mchana hugeuza kila kitu.

5. Jeti za gwaride hazitui, zinapita. Usitazame sauti inakotoka. Sauti huchukua kama sekunde tatu kwa kilomita moja. Katika sekunde hizo jeti ya kilomita 700 kwa saa imeshakwenda zaidi ya nusu kilomita. Tazama mbele ya mngurumo.

MASWALI

Mdau wa Mbagala: Mkuu, zinapita saa ngapi?
— Ratiba ya jeshi sina. Ningekuwa nayo nisingeiweka hapa.

Mdau wa Segerea: Simu yangu inavuta mbali sana. Nikipiga nikiwa ndani ya daladala nayo ni kosa?
— Soma namba 3. Ukikamatwa usinitaje.

Dada wa Tabata: Kaka, kwa nini nyingine hazionekani kwenye Flightradar24, ile tovuti ya kufuatilia ndege?
— Swali zuri, dada. Ndege yenyewe ndiyo hutangaza ilipo, kwa redio ya 1090 MHz. Ya jeshi inaweza kuzima, na nyingine tovuti yenyewe huzificha. Jaribu tovuti nyingine, ADS-B Exchange, hawachuji. Za mizigo za kigeni mara nyingi huwasha, kwa sababu zinapita njia moja na za abiria. Za Marekani tafuta jina la safari linaloanza na RCH, za Uingereza RRR.

Dada wa Tabata: Asante. Mwanangu anaota maonyesho ya ndege ya Ulaya.
— Mwonyeshe video za maonyesho ya Fairford, Uingereza, yanayofanyika kila Julai. Lakini mtafutie za siku za kuwasili, kabla ya maonyesho. Ndege zinakuja moja moja, polepole, magurudumu nje. Mimi naona ndio utamu wenyewe. Na kule kupiga picha ni ruksa.

Mzee wa Kiwalani: Sisi huku hatuna haja ya hizo namba. Moshi wa mama ntilie ukielekea uwanjani, tunajua ndege leo zinakuja upande wenu wa Kipunguni. Moshi ukija kwetu, tunatazama juu.
— Shikamoo mzee. Ningekujua 2013 ningeokoa nauli ya boda.

Mdau wa Mbagala: Kwani huyo mama ntilie anafungua saa ngapi?