Draya ya gesi inazunguka ila nguo hazikauki? Anzia hapa kabla hujaagiza spea

Masika ikishika huku Moshi, Machi mpaka Mei, unaanika shuka Jumatatu unakuja kulianua Alhamisi bado lina ubaridi na limeanza kunuka uvundo, na ukiwa kule juu Kibosho au Marangu ndo usiseme kabisa. Kwa hiyo kuna watu, hasa wenye watoto wadogo na wenye nyumba za wageni, wamejinunulia draya ya gesi, sio ile ya saluni, naongelea mashine ya kukaushia nguo. Nyingi nilizofungua mimi ni mtumba wa Marekani zilizokuja na kontena, na matatizo yake ni yaleyale yanajirudia, yaani mengi unaweza kuyajua mwenyewe kwa macho na masikio tu.

Elewa kwanza inavyofanya kazi. Mota inazungusha pipa kwa mkanda, mota hiyohiyo inazungusha feni, feni inavuta hewa ipite kwenye moto wa gesi, iingie kwenye pipa, ibebe unyevu wa nguo na itoke nje kwa bomba. Gesi kazi yake ni kupasha joto tu, mengine yote ni umeme, so umeme ukikatika hata mtungi uwe umejaa pomoni hiyo mashine haifanyi kitu.

Na kabla hujagusa chochote, nusa. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, inashuka inakaa chini sakafuni, kwa hiyo inama unuse kule chini nyuma ya mashine. Ukisikia harufu funga mtungi, fungua milango na madirisha, usiwashe wala usizime swichi yoyote, toa watu nje, na kama harufu haipungui piga 114 Zimamoto. Kutafuta panapovuja ni povu la sabuni kwenye maungio, ukiona mapovu yanakua hapo ndo penyewe. Kiberiti hapana, hata kama fundi anakwambia yeye siku zote anafanya hivo.

JOTO LIPO ILA NGUO HAZIKAUKI

Hapa ndo watu wanapotupa hela bure, kwa sababu mtu akiona nguo mbichi anafikiria gesi wakati tatizo ni hewa. Kuna mama mmoja wa Rau aliniita, akaniambia "fundi, nguo zinatoka za moto kabisa ila ukizikamua maji yapo", na alikuwa ameshauziwa regyuleta mpya na ameshabadilisha mtungi. Nikamwambia mama tuwashe halafu twende nje. Nikaweka mkono kwenye mdomo wa bomba, hewa haisukumi, ni kama mtu anakupumulia tu. Kumbe fundi ujenzi alifunga wavu wa mbu pale nje ili panya na popo wasiingie, nia yake nzuri kabisa, lakini ule wavu ukakamata manyoya yote ya nguo. Tukazima, nikafunga gesi, nikachomoa bomba, nikaingiza mkono nikavuta, likatoka donge kubwa kama mto wa mtoto, la kijivu, limelowa upande mmoja, na lina tabaka za rangi, pinki ya blanketi, bluu ya sweta za shule, nyeupe ya taulo, unaweza kusoma nguo za nyumba nzima mle. Wavu tukautoa tukaweka kifuniko cha kujifungua chenyewe hewa ikisukuma. Mashuka yaliyokuwa yanachukua masaa mawili na zaidi yakatoka makavu ndani ya dakika 50.

Kwa hiyo kitu cha kwanza ni mkono wako nje kwenye mdomo wa bomba, hewa inatakiwa isukume kwa nguvu. Haisukumi? Angalia bomba nyuma ya mashine halijabanwa na ukuta, angalia kona, kila kona inapunguza nguvu ya hewa. Bomba liwe la bati la inchi 4, lisiwe la plastiki, maana yale manyoya yanashika moto haraka sana na plastiki itasaidia kuchoma nyumba. Na usije ukaelekeza bomba ndani ya nyumba au juu ya dari ili eti joto lisipotee. Moto wa gesi unaweza kutoa kaboni monoksidi, ni ileile sumu isiyo na harufu inayoua watu wanaolala na jiko la mkaa ndani kipindi cha baridi.

Chujio la mlangoni nalo safisha kila mzigo, sio kila wiki. Kama mnatumia ile dawa ya kulainisha nguo, inaacha utando usioonekana kwenye wavu wa chujio. Lipeleke bombani ulimwagie maji, maji yakituama juu badala ya kupita, lisugue kwa brashi na sabuni, likauke ndo ulirudishe.

INAZUNGUKA ILA HAKUNA JOTO KABISA

Hakikisha mtungi una gesi na valvu iko wazi, najua umeshaangalia, angalia tena. Halafu zima taa za chumbani, chuchumaa mbele ya mashine, kwenye nyingi kuna kitundu au kipaneli kidogo chini ambacho unaweza kuona panapowaka. Washa kwenye joto la juu uangalie. Inatakiwa kiwashio kiwe chekundu kama waya wa hita, ndani ya dakika moja hivi usikie "tak", gesi ifunguke na moto ushike. Ukiangalia huo mpangilio umekatikia wapi unajua kilichokufa.

Kama kiwashio hakiwi chekundu kabisa, basi ama kimekatika, ama fyuzi ya joto imeungua, ama sensa au themostati imekata. Hapo unachomoa plagi na kupima kwa multimita. Kiwashio kizima kikiwa cha baridi mara nyingi kinasoma kati ya ohm 50 na 400, kisiposoma kitu kimekatika. Ukiweka kipya usikishike kwa vidole pale kwenye sehemu inayowaka, mafuta ya mkono yanakiharibu, na kinavunjika kirahisi kama chaki.

Kama kinakuwa chekundu, kinazima, moto haushiki, halafu baada ya muda kinarudia tena, na gesi una uhakika inafika, hizo ni koili za valvu, yaani sumaku za umeme zinazofungua gesi. Dalili nyingine ya koili ni ile ya moto kushika vizuri mara ya kwanza halafu mashine ikishapata joto haushiki tena, nguo za kwanza zinakauka za pili zinatoka mbichi. Ila kikikaa chekundu muda wote bila kuzima na bila moto, hiyo ni sensa ya moto.

Sasa fyuzi ya joto, naomba unisikilize vizuri hapa. Ikiungua haijirudishi, unaweka mpya. Kuna mafundi wanakata fyuzi wanaunga waya moja kwa moja, mashine inawaka, mteja anafurahi, fundi anaondoka na hela yake. Ile fyuzi iliungua kwa sababu joto lilizidi, na mara nyingi joto linazidi kwa sababu hewa imeziba. Ukiiunga umeondoa kinga ya mwisho iliyokuwa inazuia yale manyoya yasiwake usiku mmelala. Weka mpya, na usafishe bomba siku hiyohiyo, la sivyo na hiyo mpya itaungua.

MOTO WA NJANO NA MASIZI

Draya nyingi za Marekani zinatoka kiwandani zimesetiwa kwa gesi asilia ya kwenye mabomba ya kule, sisi tunatumia LPG ya mtungi. Tundu la nozeli ya LPG, yaani kile kidude kinachotolea gesi kwenye moto, ni dogo zaidi. Ukiunganisha mtungi bila kubadilisha, gesi inaingia nyingi kupita kiasi, moto unakuwa mrefu wa njano, nguo nyeupe zinatoka na weusi na sumu niliyosema inaongezeka. Moto sahihi ni wa bluu. Tafuta seti ya vipuri vya kubadilishia ya modeli yako, sio kuziba tundu na kulitoboa upya kwa kubahatisha.

Regyuleta iwe ya presha ndogo kama ya jiko la nyumbani, sio ile ya presha kubwa ya majiko ya mama lishe. Na mtungi wa kilo 6 haufai, ukivutwa gesi nyingi mfululizo unapoa, unatoa jasho nje, presha inashuka na moto unasinyaa, hasa asubuhi za Juni na Julai. Tumia wa kilo 15 au zaidi, usimame wima, ukae nje. Moto wa draya ya nyumbani ni kama kilowati 6, kwa hiyo inakula karibu nusu kilo kwa saa moto ukiwa unawaka, mtungi wa 15 unakupa kama masaa 30 ya moto. Ukiisha mapema sana rudi kwenye povu la sabuni.

HAIWAKI KABISA, AU INAUNGURUMA TU

Soma kibati cha mashine. Kikiandika 120V 60Hz usichomeke moja kwa moja ukutani, umeme wetu ni 230V 50Hz, utaunguza bodi. Inahitaji transfoma, na mimi sishauri ya chini ya wati 2000 kwa sababu mota ikianza inavuta sana. Ila jua kwamba transfoma inashusha volti tu, hizo 50Hz zinabaki, kwa hiyo mota inazunguka taratibu kidogo na inapata joto zaidi, usijaze nguo mpaka juu. Ikiunguruma bila kuzunguka, chomoa plagi, zungusha pipa kwa mkono: likiwa jepesi kupita kawaida mkanda umekatika, likigoma kuna kitu kimekwama au rola, yaani vile vigurudumu vinavyobeba pipa, zimekufa. Mlio wa kukwaruza kila mzunguko ni rola au sarafu iliyopenya pembeni.

Ukimaliza kurekebisha isukume mashine ukutani taratibu bomba lisijikunje, paka povu kwenye maungio tena, washa, halafu toka nje uweke mkono kwenye mdomo wa bomba.