Kumwandaa mtoto wa kayumba kwa usaili wa shule ya wavulana

Mtoto wa kaka yangu alisoma shule ya kayumba, yaani ya msingi ya serikali inayofundisha kwa Kiswahili, hapa Morogoro, na hesabu alikuwa anazimudu kweli kweli. Nilipomchukulia fomu ya shule binafsi ya bweni ya wavulana sikuwa na wasiwasi hata kidogo. Siku ya usaili, tukiwa kwenye daladala tunarudi, akaniambia: "Shangazi, walitoa urefu na upana wa kiwanja wakataka 'perimeter'. Nikadhani ni eneo, nikazidisha." Mzingo aliufahamu vizuri tu, ila neno lile hakuwahi kukutana nalo. Nilijua majibu kabla hayajatoka.

Kwa hiyo kama mwanao anasoma kwa Kiswahili, usianze na kumtafutia tuisheni ya hesabu ngumu. Anza na maneno. Nilinunua kauntabuku, nikapiga mstari katikati ya kila ukurasa: kushoto Kiswahili, kulia Kiingereza. Namba tasa, 'prime number'. Baki, 'remainder'. KDS (kigawe kidogo cha shirika) aliyoizoea, huko inaitwa 'L.C.M.', na KKS (kigawo kikubwa cha shirika) ni 'H.C.F.' au 'G.C.F.', maana vitabu vinatofautiana. Maneno matano kila jioni baada ya kula, na kila neno alitungie swali lake mwenyewe. Kukariri orodha peke yake hakusaidii. Mtoto atalijua neno akiliona pweke, akilikuta ndani ya sentensi linampotea.

Kilichotusaidia kuliko vyote ni hiki. Mtihani wa taifa wa darasa la saba hutungwa kwa Kiswahili, na wa Kiingereza hutolewa kwa shule zinazofundisha kwa lugha hiyo. Tafuta karatasi za Hisabati na Sayansi za mwaka mmoja kwa lugha zote mbili. Afanye kwanza ya Kiswahili, kesho yake arudie ya Kiingereza, kisha azilaze mezani pamoja aone alipopotea. Mwalimu wa shule ya msingi ya Kiingereza jirani yetu ndiye aliyetupatia, nami namshukuru mpaka leo.

Halafu njia. Watoto hawa wamezoea kuchagua herufi na kuiwekea kivuli. Shule ya pili tuliyojaribu ilitaka hesabu ikokotolewe kwa kalamu, hatua kwa hatua. Mzoeze kuandika kila hatua, na pia kuandika habari zake kwa Kiingereza, nusu ukurasa, bila kunakili.

Fomu anza kuziulizia mwezi wa sita. Mtihani wa taifa ni Septemba na kidato cha kwanza huanza Januari; kuna shule zinazofanya usaili kabla ya Septemba na nyingine baada yake, hivyo uliza tarehe na kituo cha kufanyia. Akikosa huko, nafasi yake ya shule ya serikali iko palepale, mradi afaulu mtihani wa taifa.

Cheti cha kuzaliwa kisome herufi kwa herufi. Cha kwetu kiliandikwa Yusuph, rejesta ya shule ikasema Yusufu. Rekebisha mapema, maana jina litakalosajiliwa kwa mtihani wa taifa ndilo litakalomfuata. Ukiomba seminari ya Kikatoliki, ongeza cheti cha ubatizo na barua ya paroko, na paroko usimwendee siku ya mwisho.

Kwenye mahojiano mwache ajibu mwenyewe. Nilimkatiza wetu mara moja, na mwalimu akanitazama nikanyamaza.

Pesa: lipa kwenye akaunti ya benki ya shule tu, kamwe si kwenye simu ya mtu. Kuna mahali tuliambiwa tutoe "ya kushikilia nafasi". Tulipobadili shule haikurudi, kwa sababu sikuuliza wala sikuwa na maandishi. Uliza ada ni awamu ngapi, michango nje ya ada ni ipi, na wastani gani unamvusha mtoto kidato. Hilo la wastani wazazi wengi hulisikia mtoto akiwa tayari ameshaambiwa atafute shule nyingine.

Akichaguliwa utapewa fomu ya kujiunga. Fomu ya afya ipeleke hospitali wiki ileile, kabla ya tranka na godoro. Godoro utalipata hata kesho, lakini foleni ya daktari mwezi wa kwanza ni ndefu.