Jinsi ya Kupata Pistoni za Ovasaizi za Kuongeza Ujazo wa Injini ya SUV

Wengi hutafuta pistoni za ovasaizi, yaani zilizo pana kidogo kuliko za awali, kwa kutaja jina la gari na mwaka wake. Wanaletewa seti ya ovasaizi ya milimita 0.50, wanachonga bloku (mwili wa injini wenye silinda), wanafunga injini, halafu wanashangaa gari linapanda mlima vilevile. Mimi naanza na kalamu na vipimo, jina la gari linakuja mwisho. Mfano nitakaoutumia ni injini ya Jeep ya lita 4.0, silinda sita za mstari, iliyofungwa kwenye Cherokee, Grand Cherokee na Wrangler, kwa kuwa inaonyesha vizuri pistoni inaweza nini na haiwezi nini. Utaratibu ni uleule kwa injini yoyote ya petroli. Dizeli nitaigusa mahali pake.

Hatua ya 1: Piga hesabu kabla ya kutafuta chochote

Zidisha kipenyo cha silinda kwa kipenyo, kisha kwa mwendo wa pistoni (umbali inaosafiri kutoka chini hadi juu), kisha kwa 0.7854, kisha kwa idadi ya silinda. Ukitumia sentimita, jibu linatoka kwa cc.

Jeep hiyo ina kipenyo cha milimita 98.4 na mwendo wa milimita 86.7. Hesabu: 9.84 × 9.84 × 8.67 × 0.7854 × 6, unapata takriban cc 3,956. Sasa ongeza kipenyo kwa milimita 1.5, ambayo ni ile ovasaizi ya inchi 0.060 inayojulikana sana kwa injini za Kimarekani. Unapata takriban cc 4,077. Umechonga silinda zote sita, umenunua pistoni na ringi mpya, na umeongeza cc 121 tu, yaani asilimia 3.

Ovasaizi za kawaida, kuanzia milimita 0.25 hadi 1.00 kwa injini nyingi za Kijapani, zilitengenezwa kuokoa silinda iliyolika. Ujazo unaoongezeka ni ziada ndogo. Kama bloku yako imelika na lazima ichongwe, chukua hiyo ziada kwa furaha. Kama injini bado ni nzima na unataka nguvu ya kuisikia, unahitaji mojawapo ya njia mbili: kipenyo kikubwa zaidi kwa kutumia pistoni za injini nyingine, au krenkshafti (shafti inayozungushwa na pistoni) yenye mwendo mrefu pamoja na pistoni zinazoendana nayo.

Kwa Jeep, njia ya pili inafahamika miaka mingi. Krenkshafti ya injini ya zamani ya lita 4.2, ya ukoo uleule, ina mwendo wa milimita 98.9. Ukiiunganisha na kipenyo cha 99.9 unafika takriban cc 4,650. Hapo gari linabadilika kweli.

Kuhusu kipenyo peke yake, Land Rover walikuza V8 yao kutoka cc 3,528 hadi 3,947 bila kugusa mwendo wa pistoni, kwa kupanua silinda kutoka milimita 88.9 hadi 94. Lakini hiyo ni kazi ya kiwandani, bloku ikiwa imeandaliwa kwa laina (bomba la chuma linalokaa ndani ya silinda) pana zaidi. Usiitazame ukadhani bloku yoyote itavumilia milimita tano.

Hatua ya 2: Ifahamu bloku yako

Pima kila silinda kwa geji yake sehemu tatu, juu, katikati na chini, na kila sehemu mara mbili: kufuata urefu wa injini na kukatiza. Silinda hulika zaidi karibu na juu, pale ringi ya kwanza inapogeuka. Silinda iliyolika kuliko zote ndiyo inayokuamulia ovasaizi ndogo kabisa unayoweza kutumia.

Kisha mpe fundi wa mashine apime unene wa kuta kwa kifaa cha mawimbi ya sauti. Hiki ndicho kipimo kinachorukwa sana, na mimi siongezi kipenyo zaidi ya ovasaizi ya kiwanda bila hicho. Kalibu ikisogea kidogo wakati chuma kinamiminwa, ukuta mmoja unatoka mnene na wa upande wa pili mwembamba, na kwa macho huoni kitu. Ukuta mwembamba hupinda kwa joto, ringi hazikai vizuri, injini inakula oili na inapata moto kupita kiasi kila unapopanda mlima na mzigo.

Bloku ya aluminiamu isiyo na laina za chuma usiichonge kama bloku ya kawaida. Kuta zake zina ugumu maalumu au zimepakwa tabaka, na zinataka mashine na pistoni zake.

Hatua ya 3: Andika vipimo vya pistoni unayoitaka

Hapa ndipo utafutaji wenyewe unapoanza. Chukua karatasi uandike:

- kipenyo;
- kimo cha pini, yaani umbali kutoka katikati ya pini inayoiunganisha pistoni na konrodi (mkono unaokwenda kwenye krenkshafti) hadi uso wa pistoni;
- kipenyo cha pini, na kama inazunguka huru au imebanwa kwenye konrodi;
- umbo la uso: bapa, wenye bakuli au wenye nundu, na ujazo wake kwa cc;
- unene wa ringi.

Kimo cha pini ndicho kinachowaangusha watu. Kanuni yake ni hii: nusu ya mwendo, jumlisha urefu wa konrodi, jumlisha kimo cha pini, na jumla isizidi umbali kutoka katikati ya krenkshafti hadi uso wa bloku. Kwenye Jeep umbali huo ni karibu milimita 240. Pistoni ya kawaida ya 4.0 ina kimo cha takriban 40.7. Ukitumia krenkshafti ya 4.2 na konrodi zake za 149.2: 49.5 + 149.2 + 40.7 = 239.4, inaingia. Ukitumia konrodi za 4.0 zenye urefu wa 155.6, jumla inakuwa 245.8. Pistoni inatokeza karibu milimita 6 juu ya bloku na kugonga hedi (kifuniko cha juu ya silinda). Kwa konrodi hizo unahitaji pistoni yenye kimo cha takriban milimita 34 hadi 35.

Hatua ya 4: Tafuta kwa vipimo

Anza na ndugu wa injini yako: matoleo ya kabla na baada yake, na injini za kampuni ileile zenye pini ya kipenyo kilekile. Kisha fungua katalogi za watengenezaji wa pistoni. Mahle na Kolbenschmidt hutoa pistoni za injini za kila aina, na Wiseco na JE wanafahamika kwa pistoni za kufuliwa (zilizoundwa kwa kugandamizwa kwa nguvu, si kwa kumiminwa). Katalogi nzuri zina vipimo hivyo karibu vyote, kwa hiyo pita kwenye safu ya kipenyo, kisha ya kimo, kisha ya pini. Mara nyingi pistoni inayokufaa imeandikwa jina la gari usilolidhania.

Pasipopatikana kitu, agiza za kutengenezewa. Ni ghali, lakini unachagua kila kipimo mwenyewe. Pistoni za kufuliwa hupanuka zaidi kwa joto, kwa hiyo zinahitaji nafasi kubwa zaidi ukutani kuliko za kumiminwa. Fuata karatasi ya mtengenezaji.

Kwa dizeli, tahadhari: bakuli lililo usoni mwa pistoni ndilo chumba cha kuwakia mafuta. Kipenyo kuoana hakutoshi, bakuli lazima liendane na nozeli na hedi yako.

Hatua ya 5: Kokotoa mgandamizo

Jeep hii yenye mgandamizo (kiasi ambacho hewa na mafuta hubanwa ndani ya silinda) wa 8.8 kwa 1 ina nafasi ya takriban cc 84.5 juu ya pistoni. Ukiongeza kipenyo tu, mgandamizo unapanda hadi karibu 9. Ukiongeza na mwendo, unafika karibu 10.2 nafasi ile ikibaki ilivyo, na petroli ya oktani ndogo italeta kugonga kwa injini, yaani mafuta kuwaka yenyewe kwa mshindo. Ndiyo sababu ya kutafuta pistoni yenye bakuli kubwa zaidi.

Hatua ya 6: Pistoni kwanza, kuchonga baadaye

Usiruhusu bloku ichongwe kabla pistoni hazijafika. Zipime kwa maikromita pale mtengenezaji anapoelekeza, zipime na uzito, kisha mpe fundi wa mashine seti nzima ili kila silinda ichongwe kufuata pistoni yake. Mwambie afunge bamba zito juu ya bloku wakati wa kuchonga na kuhoni (kusugua kuta kwa mawe ya kulainisha), ili silinda ikae kama itakavyokaa hedi ikikazwa.

Ingiza kila ringi kwenye silinda yake na upime mwanya wa ncha. Kwa injini isiyo na tabo, milimita 0.40 kwa kipenyo cha 100 ni mahali pazuri pa kuanzia. Weka gasketi ya hedi juu ya bloku uhakikishe tundu lake ni kubwa kuliko silinda mpya pande zote. Injini ikishawaka, pima mchanganyiko wa hewa na mafuta chini ya mzigo, maana injekta za zamani huenda zisitosheleze ujazo mpya.