Volkswagen Beetle ya miaka ya 1960 au Peugeot 504: kagua hivi kabla ya kununua

Beetle hupozwa kwa hewa, haina rejeta. 504, iliyotoka mwaka 1968, hupozwa kwa maji. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua ukague nini.

Kwa Beetle, zima injini, shika puli ya krankshafti (gurudumu la mkanda nyuma ya injini), isukume na kuivuta. Ikicheza zaidi ya 0.15 mm, injini inadai kufunguliwa. Pima nafasi ya vali injini ikiwa baridi kabisa, hasa silinda namba 3: kipoza oili kimekaa kwenye njia ya hewa yake, hivyo ndiyo huungua kwanza. Oili ni lita 2.5 tu, ikipungua kidogo, joto hupanda haraka. Inua kiti cha nyuma utazame kutu chini ya betri.

504 ipandishe Kololo, kilima cha Kampala, ukitazama geji ya joto. Kurudi chini, iache ipoe ndipo ufungue kifuniko cha rejeta, kisha washa tena: mapovu yasiyokoma ni dalili kwamba gasketi ya hedi (kizibio kati ya bloku na kichwa cha injini) imeharibika. Oili ikiwa na rangi ya maziwa, achana na gari hilo.

Kwa barabara za murram tungechukua 504, springi zake ni laini na ndefu. Bei za vipuri, ulizia Kisekka, soko la vipuri Kampala, kabla ya kulipa.