Sola yenye LUKU: anza kwa kuikodolea macho mita

Wiki ya kwanza baada ya kufungiwa sola niliweka uniti 40 Jumatatu kwenye mita ya LUKU, ile ya kulipia umeme kabla. Alhamisi mita ikaanza kulia. Na jua la Kigamboni lilikuwa linachoma kweli, friza yangu ya barafu za ubuyu inakula umeme wa paani tangu asubuhi! Nikamwita fundi mwingine. Akaangalia klampu ndogo ya kupimia umeme iliyokumbatia waya wa TANESCO, shirika la umeme, akacheka. Ilikuwa imefungwa kinyume.

Basi wewe anzia hapo. Mita nyingi za LUKU hazijui umeme unaoingia na unaotoka. Ukipita tu, zinahesabu. Mimi nina paneli sita za wati 550. Mchana zikizalisha ziada na ziada ikakimbilia kwenye nguzo, nalipishwa umeme wangu mwenyewe. Kazi ya klampu ni kuiambia inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli na betri uwe wa nyumbani, kwamba nyumba imeshiba, ipunguze. Ikigeuzwa, inveta inadhani nyumba ina njaa, inazidi kusukuma.

Kuipima ni rahisi. Subiri usiku, zima betri, washa birika la umeme. Inveta ionyeshe unachukua kilowati kama 2 kutoka kwenye gridi, yaani kwa TANESCO. Ikionyesha unapeleka, klampu imegeuka. Halafu mwambie fundi aweke mpangilio wa kutorudisha umeme kabisa, na usimruhusu aondoke kabla hujauona mwenyewe kwenye kioo cha inveta. Ukitaka kurudisha, hiyo ni habari ya mkataba na TANESCO na mita ya njia mbili.

Jambo la pili ni kuhamisha kazi ziende mchana. Pasi saa tano, pampu ya maji saa saba, lakini si vyote kwa pamoja: mota ya pampu ikianza huvuta umeme mwingi kwa ghafla, na kama pasi na birika viko kazini inveta inazima. Friza naiweka baridi kali kuanzia saa nne hadi saa kumi, jioni naipunguza. Ikijaa barafu inakaa na ubaridi wake usiku mzima bila kuisumbua sana betri.

Betri yangu ni ya kilowati-saa 5. Siku za kawaida naiachia ishuke hadi asilimia 30. Masika, mawingu yakikaa siku tatu, naikomesha kwenye 50 na kukubali kununua uniti. Feni mbili, taa na friza usiku vinataka kama wati 300, kwa hiyo hiyo nusu ya betri niliyoibakiza inanipa kama saa nane umeme ukikatika.

Jirani yangu alinunua inveta ya gridi isiyo na betri, akashangaa umeme ulipokatika saa sita mchana na kwake giza. Haijaharibika. Inajizima makusudi, isije ikampiga shoti fundi aliye juu ya nguzo.

Kunguru wa huku nao ni mtihani. Kinyesi kimoja kikikauka kwenye paneli kinapunguza umeme, na chumvi ya bahari inasaidia kukishikilia. Naosha alfajiri kwa maji na kitambaa laini. Mchana usithubutu: kioo kimepata moto, maji baridi yanaweza kukipasua.

Mwisho, meini swichi. Fundi wa feni alikuja, akaizima, akataka kushika waya akidhani umeme umekufa. Bahati alikuwa na testa, kwa sababu inveta ilikuwa bado inalisha chumba kile. Na waya zinazotoka paani zina karibu volti 300 maadamu jua lipo, hata inveta ikizimwa. Siku hiyohiyo nilichukua maka peni nikaandika kwenye kifuniko: ZIMA HAPA, ZIMA INVETA, ZIMA BETRI, PIMA. WAYA ZA PAANI USIGUSE.